Faragha ya Mgonjwa Huanzia Kwenye Benchi

Faragha ya mgonjwa ni haki ya anayetafuta tiba kutoonekana wala kusikika na wasiohusika na tiba yake. Wengi huichanganya na usiri. Usiri ni wajibu wa mhudumu: alichoambiwa asikitoe nje. Faragha hutangulia, kwa sababu ndiyo inayoamua nani atasikia neno wakati linasemwa. Muuguzi anaweza kuwa na kifua cha kutunza mambo, na bado mgonjwa wake akaumbuka kwa kuwa benchi zima limeshasikia.

Neno hili limetoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuwa tupu, kuwa na nafasi. Kwa Mswahili, mwenye jambo zito humwita mwenzake faraghani. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 16, nayo inataja haki ya faragha. Ndiyo maana neno hili linafaa kuliko “siri za mgonjwa”. Siri huelekea kwenye jambo linalofichwa, na mgonjwa hana kosa la kuficha. Anachohitaji ni nafasi.

Nafasi hiyo ni adimu mahali kama Kisorya, ukingoni mwa Ziwa Victoria wilayani Bunda, ambako abiria hupanda kivuko kwenda Rugezi, Ukerewe. Katika vijiji vya mwambao watu wanajuana kwa majina na koo. Kwenye foleni ya zahanati unakuta shemeji, jirani na anayekudai.

Mgonjwa anainama kwenye kitundu cha dirisha la mapokezi, anasema kwa sauti ya chini. “Mama, sema kwa nguvu, unaumwa nini?” Akirudia, amewajibu wote walio nyuma yake. Kwenye dirisha la dawa anaambiwa, “Hizi mpe mwenzio, mmeze wote wawili.” Ugonjwa haukutajwa, lakini watu wazima wameelewa. Bibi anayezungumza Kijita akikutana na mhudumu mgeni, mkalimani huokotwa papo hapo kwenye benchi, na mkalimani huyo hana kiapo chochote.

Kwa hiyo faragha ina pande mbili: ya macho na ya masikio. Pazia huzuia macho tu. Hata siku ya kliniki au rangi ya kadi inaweza kumtangaza mtu, na wapo wanaoishi na VVU ambao huenda kuchukua dawa mbali na kwao, wasionwe na majirani.

Sheria zipo. Ile ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini penye benchi lililobanana na dirisha, taarifa huvuja kabla haijaandikwa kwenye faili.

Tiba ya uvujaji huo haihitaji jengo jipya. Benchi lisogezwe mbali na dirisha, mgonjwa aitwe kwa namba, swali la ugonjwa lisubiri chumba cha daktari, na mkalimani awe mtumishi au mtu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Asiyeogopa kusikiwa husema ugonjwa wake wote, na daktari hutibu kile alichoambiwa.