Theluji Iliyobishiwa London

Huku Chepsaita barafu tunayoijua ni ya mvua ya mawe, ile inayopasua majani ya mahindi. Sasa fikiria Johannes Rebmann, 1848, anaripoti theluji Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Ludwig Krapf akaiona ya Mlima Kenya akiwa Kitui. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekaa tu London, akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Wacha! Wachaga, waliouona mlima kila asubuhi, hakuwauliza.

Siku hizi ubishi kama huo hukatwa na rada. Setelaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa Aprili 2010, hupiga mawimbi juu ya Aktiki na kupima muda yanaochukua kurudi. Barafu ya bahari huonekana kidogo tu juu ya maji, kama sehemu moja kwa kumi hivi; ukijua kimo hicho, unapiga hesabu ya unene wote. Kinachovuruga hesabu ni theluji, maana uzito wake huizamisha barafu. Ndiyo maana wanalinganisha na ICESat-2 ya Marekani: leza yake hugonga juu ya theluji, rada hupenya chini zaidi, na tofauti hiyo inakadiria kina cha theluji.

Barafu yetu lakini ni ndogo mno kwa CryoSat. Kule Lewis, Mlima Kenya, watafiti ilibidi wapande na rada yao mwaka 2010, wapimie juu ya barafu yenyewe. Cooley angefurahi: tangu 1934, karibu asilimia 90 ya ujazo wake ilikuwa imeyeyuka.