Samaki wa Bwana Grogan

Wadau, mto Gura wa Kenya mnaujua? Unaanzia juu kwenye milima ya Nyandarua, ile ambayo ramani nyingi bado zinaiita Aberdare, kisha unaporomoka msituni kwa kasi, maji baridi ya kuuma mifupa. Humo wamo trauti, samaki wa madoadoa wanaopendwa sana na wavuvi wa kujifurahisha. Wageni wakiwaandika huwaita samaki wa porini, na hapo ndipo ninapotaka tuongee.

Trauti si mwenyeji wa Gura. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti. Hebu ifikirie safari hiyo: mayai hayatakiwi kupata joto, meli mpaka Mombasa, halafu treni, halafu mlima. Barabara ya gari hakuna. Kipande cha mwisho kilikuwa cha wapagazi, na wapenzi wa mchezo huu wakisimulia wanamtaja Grogan, wapagazi hawatajwi.

Kisa nini? Mchezo tu. Ndoana haiwekwi chambo, bali inafungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu, inarushwa itue juu ya maji kama nzi aliyeanguka, trauti anadanganyika. Kwenye kijito chembamba chenye matawi huku na huku, kurusha huko kunataka ufundi hasa (na Nyandarua ukigeuka nyuma unaweza kukuta nyati). Utamu wake naukubali. Lakini Wakikuyu, wenye nchi ile, kwa desturi yao hawakula samaki. Samaki huyu hakuletwa kwa ajili yao.

Sasa twende Machi 1907. Grogan huyu huyu aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta riksho, vile vigari vya abiria vinavyovutwa na mtu. Aliwachapa hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa walowezi ukitazama. Kosa lao eti waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mwezi mmoja!

Habari ya trauti utaikuta kwenye maandishi ya uvuvi, ya viboko kwenye vitabu vya ukoloni. Mimi naona ni habari moja. Mtu yule yule, miaka miwili tu kati yake, akipanga mto na watu kana kwamba vyote ni shamba lake.

Samaki wenyewe hawana kosa. Zaidi ya miaka 100 sasa wanazaliana wenyewe, mradi msitu uwepo wa kuyatia maji kivuli, maana yakipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi trauti huanza kutaabika. Maji ya Gura huishia mto Tana, na Tana hushuka mpaka Bahari ya Hindi. Trauti yeye habanduki kule juu kwenye baridi.