Mafuta, Pamba na Mbao: Kutoka Pwani hadi Lualaba

Wasafiri wa Lualaba, mto upitao mji wa Kabalo nchini Kongo, walitumia kwa muda mrefu mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja, na kwa kuwa gogo halina maungio, haja ya kuziba mianya ilikuwa ndogo. Haja hiyo ilikuja na vyombo vya mbao, ambavyo wafanyabiashara wa pwani ya Waswahili walikwisha kuvifikisha Ziwa Tanganyika kabla ya mwaka 1858, mpelelezi Mwingereza Speke alipovuka hadi kisiwa cha Kasenge, upande ambao leo ni wa Kongo, ili kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake.

Katika jadi ya pwani, fundi huilowesha pamba katika mafuta ya nazi au ya ufuta, kisha huishindilia kati ya ubao na ubao kwa nyundo na chembeu, yaani patasi butu, na kazi hiyo huitwa kukalafati. Chombo kishushwapo majini mbao huvimba na kuibana pamba, hata nyuzi, mafuta na mti vikawa kitu kimoja, ambacho wahandisi wa leo wangekiita kompoziti. Chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu au mafuta, ambao kikemia ni sabuni isiyoyeyuka majini: sabuni inayothaminiwa kwa sababu haioshi kitu.

Chokaa ndiyo iliyoyafanya mafuta yasiyokauka yafae. Mafuta ya kitani hushika oksijeni ya hewa yakawa magumu, na kwa sifa hiyo Frederick Walton wa Uingereza alipata mwaka 1863 hataza ya linoleamu, tandiko la sakafu ambamo mafuta hayo huchanganywa na utomvu na unga wa koki au wa mbao. Mawese, yaani mafuta ya mchikichi, hayakauki hivyo, na wakoloni waliyaelekeza zaidi kwenye sabuni ya kawaida, hasa baada ya mkataba wa mtengenezaji wa sabuni William Lever na Ubelgiji wa mwaka 1911.

Vyombo vipya navyo vilifika kwa reli: ile ya kampuni ya CFL iliiunganisha Kabalo na Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Oktoba mwaka huo boti mbili za mahogani za Jeshi la Majini la Uingereza, zilizoitwa Mimi na Toutou, ambazo ziliteremka Lualaba kutoka Bukama, zilipakiwa Kabalo kwenye mabehewa, na tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Meli kubwa zilizofuata zilikuwa za chuma, zenye kuhitaji ribiti na rangi. Kalafati ikabaki kwa mafundi wa boti za mbao, ambazo hazikutoweka ziwani.