Mavazi ya roki ya kujitengenezea, Meru na Embu

Ni uigaji wa mavazi ya jukwaani ya wanawake wa roki kwa kukata na kushona upya mitumba. Mjini Meru nguo hutafutwa soko la Gakoromone, Embu kwenye vibanda vya mjini. Wanaowahi robota likifunguliwa ndio hupata kamera, yaani nguo bora kabisa. Wa kuigwa kwanza, kwa haki, ni Poly Styrene (1957–2011) wa bendi ya X-Ray Spex, London, binti wa baba Msomali: aliuza nguo Beaufort Market, akapanda jukwaani na plastiki, rangi za kuwaka na waya wa meno. Mwimbaji Patti Smith ni rahisi zaidi kuigwa. Shati lake jeupe la jalada la albamu ya Horses (1975) lilikuwa mtumba vilevile. Koti la ngozi la mtumba, tofauti na shati, humhitaji fundi cherehani apunguze mabega.