Programu Isiyouzwa na Watoto wa Kibaale



Mmoja kati yenu, ambaye anajifunza ufundi wa kutengeneza kurasa za intaneti, alitujia siku moja baada ya mkutano wa kikundi na kutuuliza: «Wenzangu wanatembelea wagonjwa, wengine wanalimia wazee mashamba. Mimi ninashinda mbele ya kompyuta, ninapanga rangi na maandishi. Kazi yangu inaingia wapi katika mambo ya mapendo?» Hatukumjibu papo hapo, kwani swali lilistahili jibu lenye mizizi. Leo tunapenda kumjibu, yeye pamoja nanyi nyote, kwa njia ya historia. Historia hiyo inaanza mbali, katika Ulaya na Marekani, lakini inafika karibu nasi, katika kijiji kikubwa cha Uganda ya kusini, si mbali na mpaka wa Tanzania.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Ukurasa wa intaneti, hata ukiwa na picha nyingi na rangi za kupendeza, chini yake ni maandishi matupu. Fundi huandika mistari ya maneno na alama, na kompyuta ya msomaji huisoma mistari hiyo na kuchora ukurasa. Namna hiyo ya kuunganisha maandishi ya dunia nzima ilipendekezwa mwezi wa tatu 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na mji wa Geneva. Mbelgiji Robert Cailliau alimsaidia kuisukuma mbele. Tarehe 30 mwezi wa nne 1993, CERN ilitangaza kwamba programu za mtandao huo ni mali ya watu wote, bila malipo.

Tusilichukue jambo hilo kama kitu kidogo. Wakati uleule kulikuwa na njia nyingine ya kusoma habari kwa kompyuta, iliyoitwa Gopher, nayo ilikuwa imeenea sana. Mwanzoni mwa 1993 Chuo Kikuu cha Minnesota, kilichoitunga, kilitangaza kwamba kitadai malipo kwa baadhi ya watumiaji. Watu waliingiwa na wasiwasi, na wengi wakahamia upande usiodai kitu. Basi kila fundi wa kurasa anayejipatia chakula leo, awe Kinshasa, Bukavu au Lubumbashi, anakula matunda ya mti ambao wenye kuupanda walikataa kuuzungushia ua.

Sasa tuje kwenye kalamu ya fundi huyo. Ili kuandika ile mistari anahitaji programu ya kuandikia. Mwaka 1976, katika chuo cha Berkeley, California, mwanafunzi aliyeitwa Bill Joy alitunga programu ya namna hiyo, nayo ikaitwa vi. Alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa njia ya simu iliyopitisha herufi polepole mno. Kwa hiyo aliipanga kalamu yake iweze kufanya mengi kwa amri fupifupi: herufi moja ya kufuta, herufi moja ya kuruka neno. Twaona hapa somo la ubunifu: uzuri wa chombo kile ulitokana na kuheshimu udhaifu wa njia yake.

Miaka ikapita. Katika Uholanzi, Bram Moolenaar, aliyezaliwa mwaka 1961 na kusomea ufundi wa umeme katika chuo cha Delft, alinunua kompyuta ya aina ya Amiga. Alitaka kuitumia vi, lakini kwa Amiga haikuwapo. Mwaka 1988 alichukua programu ndogo iliyoiga vi, ambayo mtu mwingine alikuwa ameitunga kwa kompyuta ya aina nyingine na kuiacha wazi, akaanza kuirekebisha na kuiongeza. Mwaka 1991 akaitoa kwa watu, ikasambazwa kwa diski zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono. Ikaitwa Vim. Hakuidai bei, kwani yeye mwenyewe alianza kwa kitu alichopewa.

Hapa historia yetu inavuka bahari na kufika katika nchi za Maziwa Makuu. Wilaya ya Rakai, magharibi ya Ziwa Victoria, ilikuwa imejeruhiwa mara nyingi. Mwaka 1979 vita vilivyomwondoa Idi Amin vilipita katika eneo hilo, na baadaye Uganda ikaendelea kuteswa na vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi 1986. Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1982, huko Kasensero, kijiji cha wavuvi cha Rakai, watu waliona ugonjwa wa ajabu uliowakondesha wagonjwa mpaka kufa. Wakauita «slim». Ndio ule tuliokuja kuujua kwa jina la UKIMWI. Wazazi walikufa, na nyumba nyingi zikabaki mikononi mwa mabibi na watoto.

Katika wilaya hiyo umo mji mdogo wa Kibaale, na hapo palikuwa na kituo kilichowapa watoto chakula, matibabu na masomo. Kilisimama juu ya msingi wa kikristo, lakini kilipokea watoto wa dini zote. Mwaka 1994 Bram Moolenaar alikwenda kujitolea huko, akakaa mwaka mmoja. Kazi yake haikuwa ya kompyuta. Alishughulikia ujenzi wa vyoo vilivyo safi na kuchunguza jinsi ya kuwapatia watu maji mazuri ya kunywa. Mtu ambaye programu yake ilikuwa tayari mikononi mwa wageni wa nchi nyingi alijitia katika kazi ambayo wengi wetu tunaionea haya kuitaja mezani.

Aliporudi Uholanzi hakuweza kusahau. Lakini angefanya nini? Njia iliyo wazi ilikuwa kuiuza Vim na kupeleka faida Kibaale. Hakufanya hivyo. Aliiacha programu kuwa ya bure kama zamani, akaandika ndani yake maneno ambayo maana yake ni hii: tumia na kunakili upendavyo, lakini unaombwa kuwasaidia watoto wenye shida wa Uganda. Mtu akiifungua Vim bila kuandika kitu, mbele ya macho yake hutokea mistari michache inayomkumbusha watoto hao. Akitaka kujua zaidi, huletewa maelezo marefu juu ya Kibaale. Katika maelezo hayo Bram aliandika kwamba katika wilaya yenye watu 350.000, watoto kama 60.000 walikuwa wamepoteza mzazi mmoja au wote wawili.

Kwa ajili hiyo palikuwako shirika dogo huko Uholanzi, ICCF, la kupokea michango na kutafuta wafadhili wa kulipia watoto masomo. Huko Kanada kikundi kingine cha wafadhili wa Kibaale kilijipatia jina la Kiswahili, Kuwasha, na maelezo ya Vim yasema kwamba kikundi hicho kilipeleka Uganda fedha zote zilizotolewa, bila kukata kitu. Vim nayo ilienea, hata leo imewekwa tayari katika kompyuta nyingi za Linux na za Mac. Hivyo mafundi wa nchi nyingi, waliokaa usiku wakitengeneza kurasa za benki, za magazeti na za maduka, walilisoma jina la Uganda kabla ya kuandika herufi yao ya kwanza. Wengi walipita tu. Wengine walisimama, wakatoa.

Tunajua kwamba baadhi yenu mtaguswa vibaya na jambo moja, na sisi pia lilitugusa. Je, yafaa jirani zetu watajwe mbele ya dunia nzima kama maskini? Je, sisi wa Afrika ya Kati tutajulikana siku zote kwa vilio vyetu? Swali hilo ni la haki, wala tusilifiche. Kuna misaada inayomdharau anayesaidiwa, na kuna picha za watoto zinazotumiwa kumtukuza mfadhili. Lakini tuangalie utaratibu wa mambo katika historia hii. Bram hakuanza kwa kusema habari za watu asiowajua. Kwanza alikwenda, akakaa nao mwaka mzima, akachimba nao, ndipo akasema. Tena aliomba kwa ajili ya masomo, maana alishika kwamba mtoto aliyesoma ataweza kujitunza mwenyewe siku za mbele. Ombi lililoandikwa kwa herufi tupu, pasipo picha ya mtoto analia, lina adabu yake.

Kuna swali la pili, nalo ni la mkate. Fundi wa kwetu anayelipia umeme wa jenereta na anayenunua megabaiti kwa franga za kuhesabu, je, anaweza kutoa kazi yake bure? Tuseme kweli: Bram alikuwa na kazi ya mshahara. Tangu 2006, kwa miaka mingi, aliajiriwa na Google mjini Zürich. Vim haikuwa sahani yake ya chakula. Kwa hiyo hatumwambii kijana yeyote akatae malipo ya haki. Mfanyakazi anastahili ujira wake, na anayemfanyia tajiri kazi bila malipo hajatenda mapendo, amedhulumiwa tu. Tunachosema ni kwamba katika ufundi wa mtu hukosi kipande kimoja kinachoweza kuwa zawadi. Mjane wa Injili hakuwa na hazina. Alikuwa na senti mbili.

Kipande hicho kwetu kinaweza kuwa nini? Kinaweza kuwa ukurasa mwepesi, usiojazwa picha za bure, ili mama aliye na simu ndogo kijijini aufungue bila kumaliza vocha yake. Hapo tunamfuata Bill Joy, aliyetunga chombo kwa ajili ya njia dhaifu. Kinaweza kuwa maandishi makubwa yanayosomeka na mzee mwenye macho mabovu. Kinaweza kuwa saa mbili za Jumamosi za kumfundisha mwenzako asiye na fedha za masomo. Yeyote anayefanya hivyo hana haja ya kuacha kompyuta ili aingie katika mapendo. Ameyaingia kwa mlango wa kazi yake.

Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 mwezi wa nane 2023, akiwa na miaka 62. Alikuwa ameitunza Vim kwa zaidi ya miaka thelathini, na wenzake waliichukua kazi wakaiendeleza. Mwanzoni mwa 2024 walitoa toleo jipya, wakaliweka kwa kumbukumbu yake. Wahenga wetu walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alifika Kibaale mara ya kwanza kwa ajili ya vyoo na maji, akaondoka, lakini jina la mahali pale halikuondoka katika kazi ya mikono yake hata siku moja.

Basi, wapendwa vijana, katika mkutano wenu ujao twawaomba mzungumze kwa utulivu juu ya maswali haya matatu. Ni kitu gani katika ufundi au masomo yetu tulikipokea bure kutoka kwa mtu tusiyemjua? Ni nani, karibu na parokia yetu, ambaye tunasema habari zake bila kuwa tumekaa naye? Na kila mmoja aulize moyoni mwake: kazi yangu ikifunguliwa, ni jina la nani litakalotokea kwanza, langu au la yule anayehitaji?

Na wewe uliyetuuliza swali, rudi kwenye mashine yako kwa amani. Panga rangi zako vizuri, andika mistari yako bila makosa, na utafute Kibaale yako. Huenda iko nyuma ya nyumba yenu.