Haragwe bichi na safari yake ndefu kutoka Kenya

Ukiingia katika duka kubwa la vyakula mjini London, huenda ukakuta maharagwe mabichi, ambayo wakulima wengi wa Kenya huyaita mishiri, yamepangwa ndani ya pakiti ya plastiki. Siku chache tu kabla yake yalikuwa shambani Kirinyaga au Machakos. Ni elimu gani iliyoyafikisha huko yakiwa bado ya kijani?

Lishe kupitia jani

Tumezoea kuulisha mmea kwa mizizi. Lakini katika miaka ya 1840, Mfaransa Eusèbe Gris alitia chumvi ya madini ya chuma kwenye majani yaliyopauka, yakarejea rangi yake. Miaka ya 1950, watafiti Tukey na Wittwer wa Michigan, Marekani, walitumia isotopu zenye mnururisho kufuatilia virutubisho, wakathibitisha kwamba jani hufyonza chakula.

Mbolea ya majani haichukui nafasi ya ile ya udongoni, lakini huziba pengo. Zinki na boroni huhitajika kwa kiasi kidogo mno, ila zikikosekana mavuno hupungua. Kalisi, ambayo huimarisha kuta za seli, hufuata maji kuelekea majani makubwa, na haragwe changa huambulia kidogo. Kwa kuwa ikishafika kwenye jani ni vigumu kuhama tena, mnyunyizaji hulenga haragwe lenyewe likiwa changa.

Pumzi ndani ya pakiti

Haragwe lililochumwa lingali hai; linapumua, linatoa joto na kupoteza maji. Mwaka 1821, Bérard wa Montpellier alieleza kwamba tunda likinyimwa oksijeni huchelewa kuiva. Katika miaka ya 1920, Kidd na West wa Cambridge waliitumia kanuni hiyo katika maghala ya matofaa. Kisha polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, ikawezesha ghala hilo kuingia ndani ya mfuko, ambamo oksijeni hupungua na unyevu hubakia.

Hata hivyo, mfuko bila ubaridi haufai kitu. Haragwe bichi huhitaji takriban nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi. Joto likizidi hunyauka. Baridi ikizidi hupata madoa. Likitunzwa vyema, hudumu siku 8 hadi 12 hivi.

Nani hubeba hasara?

Mwezi Aprili mwaka 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull nchini Iceland yalipofunga anga ya Ulaya, maua na mboga za Kenya ziliharibika zikisubiri ndege. Mwaka 2013, Umoja wa Ulaya ukazidisha upimaji wa mabaki ya dawa za wadudu katika maharagwe ya Kenya. Mara zote mbili, mkulima mdogo alikuwa miongoni mwa walioumia, ingawa hakumiliki ndege wala maabara.

Historia hii ina funzo moja. Pakiti haimwongezei haragwe uhai. Hutunza ule uliotoka shambani. Anayelilisha mmea kwa kipimo, akachuma asubuhi na mapema na kuweka mavuno kivulini, ndiye mwanzo wa ubora unaosifiwa dukani. Ni haki basi bei nayo imkumbuke.