Hifadhi Mbili, Barabara Moja

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa kwa barabara ya TANZAM, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa kilomita 50 hivi nyati na twiga wanajilia majani karibu na lami, matuta yanawapunguza kasi madereva wa malori, na bango linatangaza faini kwa atakayegonga mnyama. Hapo neno hifadhi limekaa mahali pake.

Toka mbugani, ingia mji mdogo wowote mbele ya safari. Nyumba ina alama ya X nyekundu ukutani. Uliza, utaambiwa imo ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua eneo hilo, kwa barabara kuu, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Swala akiwa hifadhini yuko salama. Mama ntilie akiwa hifadhini ni mvamizi.

Na mama ntilie huyo hakuja kwa bahati mbaya. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kaskazini, na malori ya mafuta na shaba yakaanza kupishana hapa katika vumbi na tope, kabla ya lami. Penye lori lililosimama pana mtu mwenye njaa. Hata leo, Ruaha Mbuyuni, kati ya mibuyu na mto, vitunguu vinawasubiri wanaojiandaa kupanda mlima wa Kitonga.

Istilahi nyingine za njia hii hazina hila. Matuta yametoka shambani. Mizani ni ileile ya sokoni (na ya washairi, ingawa dereva aliyezidisha uzito hana hamu ya ushairi).

Lakini hifadhi! Anayehifadhi Kurani huiweka moyoni isipotee. Ardhi ya kando ya barabara inawekwa ili ije ichimbwe, ipanuliwe, ipitishiwe mabomba na nyaya. Hiyo ni akiba. Wanasheria watasema Sheria ya Ardhi ya 1999 inaziweka mbuga na kando za barabara katika kundi moja, ardhi ya hifadhi. Ni kweli, na ndipo mkanganyiko ulipoanzia.

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania. Wanaozitafsiri waandike “akiba ya barabara”, ili mwenye nyumba ajue mapema kwamba ardhi ile imewekewa kazi nyingine.